Aliyegongwa na kuachwa barabarani: kadari haifuti fidia



Leo tunaomba tuzungumzie kadhia moja iliyotokea mtaani kwetu Mwembesongo, mjini Morogoro, ambayo mfano wake hutokea mara kwa mara katika miji yetu bila ya kuandikwa popote.

Wanaoufahamu mji huu wanajua kwamba Mwembesongo ni jirani wa Msamvu, pale ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, mkono mmoja ukaelekea Dodoma na mwingine Iringa. Malori ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda na ya Burundi hupita hapo usiku na mchana, na katikati yake hupenya mabasi, bajaji, bodaboda, baiskeli za wauza mkaa na watoto wa shule. Ni Msamvu hiyo hiyo ambapo tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, wakafariki watu zaidi ya 100. Taifa zima lilisimama kwa maombolezo ya siku tatu, na msiba ule bado haujasahaulika. Lakini yule anayegongwa peke yake, gizani, na gari lisilosimama, huyo hana maombolezo. Akiwa na bahati huwa na jirani wa kumpeleka hospitali.

Fundi mmoja wa cherehani, mtu wa makamo mwenye mke na watoto wanne, alitoka nyumbani kwake kabla ya adhana ya alfajiri kuelekea msikitini. Alikwisha kuivuka lami, akabakiza hatua mbili tu. Gari dogo likatokea upande wa Msamvu, likampiga mguu wa kulia na kumtupa mtaroni. Likapunguza mwendo kidogo, na hili waliliona watu wawili, kisha likaongeza kasi na kutokomea. Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Amewekewa vyuma, na madaktari wamemwambia kuwa mguu ule hautarudi kuwa kama ulivyokuwa. Msomaji atakumbuka kuwa cherehani ya fundi huendeshwa kwa miguu. Kwa hiyo aliyemvunja mguu mtu huyu amemvunjia na duka.

Siku ya tatu ukoo ulikutana, nasi tukaalikwa. Kwa kuwa yeye ni Mluguru, na nasaba ya Waluguru hufuata upande wa mama, mwenye neno alikuwa mjomba wake, mzee mstahiki aliyeteremka kutoka milimani kwa ajili hiyo. Mzee alizungumza kwa upole. Alisema kuwa jambo hili ni kadari. Gari halijulikani na mwenye gari hajulikani. Tumshukuru Mungu kwa uhai wa kijana wetu, tumsamehe huyo mtu popote alipo, tusome dua na kadhia iishe. Watu wakaitikia amina. Nasi tulikaribia kuitikia, kwa maana maneno hayo ni mazuri na yana sura ya dini. Kilichotuzuia ni swali moja dogo: je, mwenyewe ameulizwa?

Hakuna aliyemuuliza. Kesho yake tukaenda hospitali, tukamweleza yaliyosemwa. Alitazama dari kwa muda, kisha akatujibu: "Shekhe, mimi sijasamehe. Sijaombwa."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tuanze na hiyo kadari. Hapana Muislamu anayeikana, kwani ni nguzo ya sita ya imani yetu. Lakini wanazuoni wamebainisha tangu zamani kwamba mja huitegemea kadari anapofikwa na msiba, ili moyo wake utulie, na haimfai kuwa hoja ya kujivua dhambi wala ya kufuta haki ya mtu mwingine. Aliyevunjika mguu huambiwa avumilie. Aliyeuvunja haambiwi hivyo. Huyo huambiwa alipe. Tumezoea kuzichanganya hotuba hizi mbili, tukampa majeruhi hotuba ya subira na yule aliyekimbia tukamzawadia ukimya wetu. Na tukumbuke kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa na maana kwamba wanatoka katika kadari wakiingia katika kadari nyingine. Ikiwa ajali ni kadari, basi kwenda kituo cha polisi ni kadari, na fidia ikipatikana ni kadari vile vile.

Kisha tutazame haki yenyewe. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka hukumu ya mtu anayemuua Muumini kwa bahati mbaya, bila ya kukusudia. Amewajibishiwa kafara, na pamoja nayo dia ya kukabidhiwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiamua kuiacha iwe sadaka. Msomaji autazame mpangilio wa aya hiyo: dia imetajwa kwanza kuwa ni haki, kisha ndipo mlango wa msamaha ukafunguliwa, na ufunguo wake wakapewa wenye haki na si mtu mwingine. Haya yamesemwa juu ya kosa lisilokusudiwa. Basi itakuwaje kwa yule ambaye kumgonga mtu hakukukusudia, ila kumwacha mtaroni alikukusudia?

Majeraha nayo hayakuachwa ovyo. Katika barua ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaandikia watu wa Yemen kwa mkono wa Amri bin Hazm, dia kamili ya nafsi imewekwa kuwa ngamia 100, mguu mmoja nusu yake, kidole ngamia 10, jino ngamia 5, na jeraha la kichwa lililofichua mfupa ngamia 5. Majeraha ambayo hayakutajiwa kiwango hukadiriwa na watu wenye ujuzi, na mafaqihi huliita kadirio hilo hukuma. Mguu wa fundi wetu haukukatika, umepoteza sehemu ya kazi yake, kwa hiyo unaingia katika mlango huu wa ukadiriaji. Mahakama zetu hazihukumu kwa ngamia, lakini nazo husikiliza ripoti ya daktari na kukadiria, na kwa namna hiyo fikra hizi mbili hazikupishana sana.

Wapo watakaosema kuwa zama zile hapakuwa na magari. Ni kweli, na ndiyo maana wanazuoni wa zama zetu walilikalia jambo hili. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, na katika azimio lake namba 71 likaamua kwamba kufuata sheria za barabarani ni wajibu wa kisharia, na kwamba dereva hudhaminika kwa madhara anayowatia watu, miili yao na mali zao. Halivuki dhamana hiyo ila kwa mambo machache, kama vile tukio la nguvu asiloweza kulizuia, au pale aliyegongwa mwenyewe alipokuwa ndiye chanzo. Kwa hiyo dereva anayesimama anaweza kuwa na hoja, na pengine ya haki. Anayekimbia ameikimbia hata hoja yake.

Tukirejea kwenye msamaha, sisi hatuupingi. Ni fadhila kubwa, na mwenye kusamehe malipo yake yako kwa Mola wake. Tunachokipinga ni msamaha unaotolewa na watu wasiokuwa na haki ya kuutoa. Mjomba, kaka, imamu wa msikiti, mwenyekiti wa mtaa, wote hawa wanaweza kusuluhisha na kushauri. Mwenye kusamehe ni yule aliyeumia, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu na asiyeshinikizwa. Na hapa tuwatahadharishe wazazi, maana kosa hili limeenea mno: mtoto akigongwa, baba hana ruhusa ya kuisamehe bure fidia ya mtoto. Haki ile ni mali ya mtoto, na walii ameruhusiwa kuihifadhi mali hiyo, hakuruhusiwa kuigawa. Tumewaona kinababa wakipewa nauli na mfuko wa mchele, wakapeana mikono na dereva mbele ya mashahidi, na mtoto akabaki na ulemavu wa maisha. Mtoto huyo akikua na kuuliza, ataambiwa nini?

Sasa, mtu aliyegongwa afanye nini katika nchi yetu? Tutaeleza kwa ufupi, kwani jambo lililotusukuma kuandika liko mbele zaidi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, amsaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Kukimbia ni kosa lingine linalojitegemea. Nayo Sheria ya Bima ya Magari inalazimisha kila chombo cha moto cha watu binafsi kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Wengi hudhani bima hiyo imewekwa kwa ajili ya gari. Imewekwa kwa ajili ya mpita njia. Mahakama ikimhukumu mwenye gari alipe, kampuni iliyomkatia bima ndiyo inayobeba hukumu hiyo.

Majeruhi mahututi atibiwe kwanza. Lakini siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, ndugu mmoja aende kituo cha polisi, aandikishe ajali, apewe namba ya RB na fomu ya PF3, na daktari aijaze. Tunasisitiza siku hiyo kwa sababu ajali isiyoandikishwa mapema, baada ya miezi miwili huanza kuonekana kama hadithi. Askari wa usalama barabarani wapelekwe mahali penyewe wakapime na kuchora. Kipande cha taa kilichovunjika, rangi iliyobaki kwenye nguzo, kamera ya duka la jirani au ya kituo cha mafuta, vyote hivyo huzungumza, na kamera hujifuta baada ya siku chache. Namba ya gari ikijulikana, mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuiingiza katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, akaona kama lina bima na ni ya kampuni gani. Hata namba isiposhikika yote, rangi ya kibao husaidia: cha njano ni gari la binafsi, cheupe ni la biashara. Lori la nje nalo lisimkatishe mtu tamaa, kwani magari mengi ya nchi jirani hutembea na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huwafidia watu wanaoumizwa ndani ya nchi linakopita, na Tanzania imo katika mpango huo.

Stakabadhi zihifadhiwe zote: za dawa, za nauli ya kliniki, za magongo. Mahakama zetu zimekariri mara nyingi kwamba hasara ya fedha iliyotajwa kwa kiwango lazima ithibitishwe kwa ukamilifu. Na hapa watu wa kazi za mikono huumia mara ya pili, kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Fundi wetu alidhani hana ushahidi wowote wa kipato chake, mpaka mkewe alipolileta daftari lake la vipimo. Humo mlikuwa na majina ya wateja, urefu wa mikono na viuno vyao, fedha walizotanguliza na zilizobaki, miaka mitatu nyuma, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi. Hatujapata kuona hesabu safi kuliko ile. Muuza matunda, mwendesha bodaboda, mama lishe, kila mmoja ana daftari la namna hiyo au anaweza kuanza nalo leo.

Muda nao una mpaka. Madai ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Ikiwa gari ni la Serikali, sheria inataka itangulizwe notisi ya siku 90 kabla ya shauri kufunguliwa, na siku hizo zihesabiwe mapema. Aliyegongwa akiwa kazini kwa mwajiri wake ana mlango mwingine kabisa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na mlango huo hauulizi kama dereva amepatikana. Dereva akishitakiwa na kutiwa hatiani katika kesi ya jinai, hakimu naye ana uwezo wa kuamuru fidia, lakini mara nyingi haamuru mpaka akumbushwe. Kampuni ya bima ikisuasua, TIRA hupokea malalamiko, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wasiokuwa na uwezo wa kumlipa wakili wanao wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao imetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Tuwaonye pia juu ya watu wanaozunguka mawodini na fomu mikononi, wakiahidi kufuatilia fidia kwa masharti ya kuchukua nusu yake. Na juu ya ile karatasi ya kukiri kuwa umelipwa na huna dai tena: asiisaini mtu kabla daktari hajasema mguu umefikia wapi. Kwa upande wa pili, majeruhi asiongeze chumvi. Kujifanya kilema, kuzidisha stakabadhi, kununua PF3 ya uongo, hizo ni haramu zisizo na mjadala, nazo huwaharibia waliovunjika kweli.

Haya yote, ndugu zetu, yanasimama juu ya gari lililojulikana. Fundi wetu hakuwa na namba. Na hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwani tunaamini haki yake ilipotea mikononi mwa watu zaidi ya mmoja.

Wa kwanza ni dereva, na hatuna haja ya kumrefushia maneno. Toba yake haitimii kwa kulia usiku. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina njia yake, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mja. Kama anausoma ukurasa huu, polisi wapo, nasi tupo.

Lakini kwa nini madereva hukimbia? Wapo walevi, wapo wasio na leseni, wapo wasio na bima. Na wapo wengi, tuseme ukweli, wanaokimbia kwa sababu wanatujua. Wanajua kuwa akisimama atapigwa mawe kabla ya kuulizwa jina, na gari lake litachomwa moto. Desturi hii tunaifanya sisi, vijana wetu, pengine waliotoka msikitini dakika tano zilizopita, na tunaiita hasira ya wananchi. Kila gari linalochomwa huwafundisha madereva mia kuwa kusimama ni kifo. Sisi ndio tunaowatengeneza wakimbiaji, kisha tunamlilia majeruhi asiye na wa kumdai. Anayehofia roho yake aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, na kina baba wa mitaa wawazuie vijana wao. Dereva aliye hai ndiye anayelipa.

Mikono ya tatu ni ya mashahidi. Tumesema kuwa watu wawili waliliona gari. Mmoja alikuwa msafiri, hatukumpata tena. Wa pili ni kijana wa bajaji, wa mtaa wetu. Alinyamaza miezi minane. Alikuja kwetu jioni moja baada ya khutba tuliyoitoa juu ya kuficha ushahidi, akasema kuwa aliona kibao cha njano na herufi tatu za mwisho, tarakimu hakuwahi. Tukamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kuwa aliogopa kusumbuliwa: ataitwa leo, ataitwa kesho, bajaji si yake na hesabu ya tajiri haisubiri. Hatukumkaripia, kwa kuwa hofu yake ina msingi, na vyombo vya sheria vingefanya vyema kuipunguza kwa kuandika maelezo ya shahidi mara moja na kumwita siku ambayo kesi inasikilizwa kweli. Hata hivyo Qur'ani katika Sura Al-Baqara, aya ya 283, imeuhusisha ufichaji wa ushahidi na dhambi ya moyo wenyewe, na hilo ni jambo zito. Tulifuatana naye polisi, maelezo yake yakaandikwa. Herufi tatu bila tarakimu ni magari mia kadhaa, na baada ya miezi minane taa iliyovunjika imekwisha kubadilishwa zamani. Angesema asubuhi ile, huenda hadithi ingekuwa nyingine.

Je, ikiwa gari halipatikani abadani? Sheria yetu ya bima imejengwa juu ya gari lenye namba na mwenyewe. Bila ya hayo hakuna kampuni ya kuambiwa ilipe. Wengi wanadhani hapo ndipo mwisho. Uislamu haukuona hivyo, na dalili iko wazi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Abdullah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar. Jamaa zake hawakumwona muuaji na hawakuweza kuapa juu ya jambo wasiloliona, wala viapo vya upande wa pili hawakuviridhia. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia warudi nyumbani wakasubiri Akhera. Aliitoa dia yeye mwenyewe, ngamia 100, kwa kuchukia damu ile ipotee bure. Imepokewa pia kuwa mtu alipokufa katika msongamano wa watu na aliyemsonga asijulikane, Sayyidna Ali (R.A.) alimshauri Sayyidna Umar dia yake itoke Baitul-mali. Maana yake ni kwamba mkosaji asipojulikana, mzigo hauachwi juu ya aliyeumia. Hubebwa na hazina ya wote.

Mataifa mengine yamefika hapo kwa njia zao. Makampuni ya bima ya Uingereza yaliunda ofisi yao ya pamoja mwaka 1946 kwa ajili ya waathirika wa madereva wasio na bima, na baadaye ikawachukua na waliogongwa na magari yasiyojulikana. Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani, ulio chini ya sheria ya 1996, unaopata fedha zake kutoka katika tozo ya mafuta. India, nchi yenye maskini wengi kuliko sisi, huifidia familia ya aliyeuawa na gari lililokimbia, na tangu Aprili 2022 imepandisha kiwango hicho kutoka rupia 25,000 hadi 200,000, na kwa majeruhi mkubwa kutoka 12,500 hadi 50,000. Si fedha nyingi, lakini ni kiti cha magurudumu, ni ada ya shule ya mwaka. Sisi nasi hulipa tozo katika kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara. Barabara hutengenezwa kwa lami, na ni haki sehemu ndogo ya fedha hiyo, au shilingi chache katika kila stika ya bima, iwatengeneze na wale wanaovunjwa juu ya lami hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kuwa barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi za kipato kidogo na cha kati kama yetu. Wabunge wetu, wa Morogoro na wa kwingineko, wanaweza kuulizwa juu ya mfuko huu wanapokuja kuomba kura.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu kama ni halali kupokea fidia ya kampuni ya bima, ilhali Baraza lile lile la Fiqhi mwaka 1985 liliikataza bima ya kibiashara na kuhimiza takaful. Jibu letu ni kwamba aliyegongwa hakufunga mkataba na mtu. Yeye anadai haki yake kwa aliyemdhuru, na haki hiyo haiharibiki kwa sababu ya mfuko inakotoka. Mas-ala ya mkataba ni ya mwenye gari. Na tusisahau kuwa fikra ya kubebeana mzigo si ngeni kwetu: dia ya kosa lisilokusudiwa katika fiqhi hubebwa na aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa mkosaji, kila mmoja kwa kadiri yake. Tulipomweleza mjomba wa fundi jambo hili alicheka, akasema kuwa Uluguruni mzigo huo ungemwangukia yeye.

Mzee yule, kwa haki yake tumseme vyema, hakushikilia neno lake la mwanzo. Aliposikia jibu la mpwa wake alinyamaza, kisha akauza ndizi zake za msimu na kuanzisha mchango. Msikiti ukaongeza. Fedha hiyo ilinunua cherehani ya mkono, iliyokwisha kutumika, nayo ikawekwa barazani. Fundi hushona akiwa ameunyoosha mguu juu ya kigoda, na kijana wake wa darasa la tano humzungushia gurudumu akitoka shule. Kazi huenda polepole, na sare za shule hawezi kuzipokea kwa wingi kama zamani.

Jalada lake polisi halijafungwa. Imebaki miezi kumi na minne kabla ya ile miaka mitatu kutimia. PF3, stakabadhi na daftari la vipimo vimo ndani ya bahasha moja juu ya kabati, na mkewe amewakataza watoto wasiiguse.